Trübner wa Ludgate Hill alikuwa nani, na kamusi ya babu uifanyeje?

SWALI: "Marehemu babu alituachia sanduku la vitabu. Ndani yake nimekuta kamusi nene ya Kiswahili kwa Kiingereza. Ukurasa wa mbele una jina la Dr. L. Krapf, na chini kabisa pameandikwa London, Trübner & Co., Ludgate Hill, 1882. Karatasi zimegeuka rangi ya chai na pembe zinakatika ukizigusa. Kijana mmoja anayeuza vitu vya kale mtandaoni ameniambia ni mali ya mamilioni, nimkabidhi akaiuze. Mjomba naye anasema huyo Trübner alikuwa mkoloni wa Kiingereza aliyekusanya maneno ya wazee wetu wa pwani bure akatajirika kwayo, kwa hiyo kitabu hicho hakifai kukaa ndani. Alikuwa nani hasa? Na kitabu nikifanyeje? Niko Tanga."

JIBU: Mungu amrehemu babu, na ahsante kwa kuuliza kabla ya kutoa kitu mkononi. Nikisoma barua yako naona hofu mbili. Unaogopa kupunjwa na kijana wa mtandaoni, na unaogopa kufuga dhuluma ndani ya nyumba. Zote mbili zina msingi, na nitazijibu zote, ila niruhusu nianze na mtu mwenyewe, maana ukishamfahamu yeye mengine yatanyooka.

Mjomba amechanganya watu. Nicholas Trübner hakuandika kamusi hiyo wala hakukusanya maneno yake. Kazi hiyo ni ya Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844. Trübner alikuwa muuza vitabu na mchapishaji: mtu anayepokea mswada, anautafutia mpiga chapa, anauweka kwenye katalogi na kuufikisha kwa wanunuzi. Hakuwa mmisionari. Hata Uingereza hakuzaliwa. Alikuwa Mjerumani aliyehamia London akiwa kijana wa miaka 26. Na kama ni ukoloni, tazama kalenda. Trübner alifariki tarehe 30 Machi 1884, na mkutano wa Berlin wa kuigawa Afrika ulifunguliwa Novemba ya mwaka huohuo. Kamusi ilipotoka, Zanzibar ilikuwa chini ya Sultani Barghash, na Mombasa ilikuwa sehemu ya milki yake. Lakini maneno ya mjomba yana nusu ya pili, ile ya nani alilipwa na nani hakulipwa, na hiyo siipuuzi. Nitaifikia.

Trübner alizaliwa Heidelberg, kusini mwa Ujerumani, mwezi Juni 1817, mtoto wa kwanza wa sonara. Heidelberg ni mji wa chuo kikuu cha zamani sana, na kijana alipenda kusoma, ila wazazi hawakuwa na uwezo wa kumpeleka chuoni. Mwaka 1831, akiwa na miaka 14, walimtia kwa muuza vitabu mmoja wa mjini aitwaye Mohr ajifunze kazi. Hapa ndipo pa kumwelewa. Kuuza vitabu Ujerumani wakati ule ilikuwa fani ya kufundishwa kama useremala au usonara. Mwanagenzi alianza kwa kufunga na kufungua marobota, kisha akapewa daftari za hesabu, kisha barua. Maduka ya vitabu ya nchi nzima yalikuwa yameunganishwa na mji wa Leipzig: vitabu vilipelekwa kwa mkopo, visivyouzika vikarudishwa, na hesabu za mwaka mzima zikafungwa kwenye maonyesho ya Leipzig wakati wa Pasaka. Mtu aliyekulia katika mtandao ule alijua tangu utotoni kwamba duka la vitabu linaendeshwa kwa barua, kwa kuaminiana na kwa orodha iliyoandikwa vizuri. Kuta na rafu huja baadaye.

Kutoka kwa Mohr alikwenda Göttingen kwa Vandenhoeck & Ruprecht, kisha Hamburg kwa Hoffmann und Campe, waliokuwa wakichapisha vitabu vya mshairi Heinrich Heine ambavyo baadhi ya serikali za Ujerumani zilivipiga marufuku, kisha Frankfurt. Huko Frankfurt alikutana na William Longman wa London. Jina hilo bila shaka unalifahamu: ni kampuni ileile ambayo vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki wameliona jina lake kwenye majalada ya vitabu vya shule. Longman alimpa kazi ya ukarani wa barua za nje, na mwaka 1843 Trübner akavuka kwenda London. Ofisi ilikuwa Paternoster Row, mtaa mwembamba pembeni ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo uliojaa wauza vitabu mlango kwa mlango. (Mtaa huo uliteketea kwa mabomu Desemba 1940, pamoja na mamilioni ya vitabu.)

Mwanzoni mwa miaka ya 1850 akaanza biashara yake, akishirikiana na Thomas Delf aliyekuwa akiagiza vitabu kutoka Marekani. Haikwenda vizuri. Alisimama tena alipopata mshirika mwingine, David Nutt. Na hapo akaonyesha ana jicho la namna gani. London ya wakati ule ilivijua vitabu vichache tu vya Marekani. Trübner aliona kwamba vitabu vipo tele, na kinachokosekana ni mtu wa kumwambia mnunuzi kwamba vipo. Basi mwaka 1855 akatoa mwongozo wa vitabu vya Marekani, aliouandaa mwenyewe, na mwaka 1859 akautoa tena ukiwa mkubwa zaidi. Muuza duka aliyekosa chuo kwa sababu ya ada akawa ndiye anayewapa wasomi orodha ya nchi nzima.

Kisha akaelekea mashariki. Alijifunza Sanskrit, lugha ya kale ya India, kwa Theodor Goldstücker, Mjerumani mwenzake aliyekuwa profesa London, na akajifunza Kiebrania pia. Machi 1865 akaanzisha jarida la mwezi lililoorodhesha vitabu vipya kutoka Marekani, India, China na makoloni ya Waingereza. Mwaka 1878 akaanza mfululizo wa vitabu vya elimu ya mashariki, na alipofariki ulikuwa umefikia takriban juzuu hamsini. Duka lilikuwa limeshahamia Ludgate Hill, mtaa wa jirani, tangu mwaka 1873. Ndiyo anwani unayoiona kwenye ukurasa wako.

Hili jarida ndilo ufunguo wa kitabu chako, kwa hiyo nivumilie kidogo. Chukua kamusi ya lugha ambayo London nzima ina wasomaji wachache sana. Duka la kawaida halina haja nayo. Itakaa rafuni mpaka ivunde. Lakini wanunuzi wapo, ila wametawanyika: mtaalamu wa lugha mmoja Berlin, maktaba moja Boston, mmisionari mmoja Zanzibar, ofisa mmoja Bombay. Kila mmoja peke yake si kitu, ila ukiwakusanya wanatosha kulipia chapa ndogo. Trübner aliwafikia kwa posta. Jarida lilikwenda, oda ikarudi kwa barua, kitabu kikafungwa na kutumwa kwa meli, na hesabu ikafungwa mwisho wa mwaka. Ni utaratibu uleule wa Leipzig aliofundishwa na Mohr akiwa na miaka 14, isipokuwa sasa Leipzig yake ilikuwa London na mikoa yake ilikuwa dunia nzima. Mimi naamini ni kwa sababu alikuwa mgeni ndiyo maana aliweza hivyo. Wachapishaji wenyeji walikuwa na wasomaji wa Kiingereza wa kuwatosha, wakati yeye alifika na lugha zaidi ya moja na marafiki waliobaki nyuma.

Kwa njia hiyo Afrika nayo ikapita mlangoni pake. Wilhelm Bleek, mtaalamu wa lugha aliyekuwa Cape Town, ndiye aliyelipa jina kundi la lugha tunaloliita Kibantu, na sarufi yake linganishi ilianza kutoka mwaka 1862 ikiwa na jina la Trübner kwa upande wa London na la J. C. Juta kwa upande wa Cape Town. Huyo Juta naye alikuwa muuza vitabu mhamiaji, Mholanzi, na mkewe Louise alikuwa dada yake Karl Marx. Mwaka 1883 Trübner alitoa juzuu mbili za Robert Cust juu ya lugha za Afrika. Katikati ya hizo, mwaka 1882, ikatoka kamusi ya Krapf. Krapf mwenyewe hakuiona. Alifariki Ujerumani Novemba 1881. Kamusi yake imeegemea sana Kimvita, lahaja ya Mombasa, na ndiyo maana utakuta maneno ambayo Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja, kiliyaacha nje. Mwaka 1925 mmisionari H. K. Binns aliipanga upya na kuisahihisha, ikatoka kama kitabu kingine. Kwa mtafiti wa lugha ya pwani, zote mbili bado zina kazi.

Sasa nusu ya pili ya maneno ya mjomba. Je, alitajirika kwa maneno ya wazee wetu? Kwa kamusi kama hii, jibu ni hapana. Vitabu vya namna hii vilikuwa vya chapa ndogo, na mara nyingi mchapishaji hakuthubutu hata kuweka fedha zake mwenyewe. Njia zilikuwa tatu: wanunuzi waandikishwe na kuahidi kabla ya kuchapa, au taasisi, serikali au jumuiya ya dini ichangie, au mwandishi alipe gharama na mchapishaji achukue kamisheni yake kwa kila nakala. Njia ya mwisho Trübner aliitumia hata kwa riwaya ya Samuel Butler iitwayo Erewhon mwaka 1872, ambayo mwandishi aliigharamia. Kilichomwingizia fedha ni vitabu vya wasomaji wengi, kama shairi refu la Edwin Arnold juu ya maisha ya Buddha, lililotoka 1879 na kuuzwa mno Uingereza na Marekani.

Lakini mjomba akiuliza nani aliyempa Krapf maneno hayo, swali lake ni la haki kabisa. Yalitoka vinywani mwa watu wa Mombasa na Rabai. Kadhi wa Mombasa ndiye aliyemsaidia Krapf alipokuwa akitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, tena mwaka uleule wa kufika kwake. Wapo na wengine wengi waliokaa naye wakimrekebisha matamshi na kumfafanulia maana. Ukurasa wa jina haukuwataja, na sikubali kwamba lilikuwa jambo dogo kwa vile ndivyo desturi ilivyokuwa. Vilevile ni kweli kwamba miongoni mwa wateja wakubwa wa Trübner walikuwamo watu wa serikali ya India, na kwamba sarufi na kamusi zikishatoka zilimfaa mtawala sawasawa na msomi. Hayo mwambie mjomba kuwa nakubaliana naye. Ninapotofautiana naye ni pale anaposema kitabu kisikae ndani. Ushahidi wa walivyosema wazee wa Mvita miaka ya 1840 umo humo, na wenye haki ya kwanza ya kuutunza ni nyinyi. Ukitaka kujua mkataba wa kitabu ulikuwaje, sehemu ya daftari za kampuni imehifadhiwa Chuo Kikuu cha London, University College. Kampuni yenyewe iliunganishwa na nyingine mwaka 1889, na baadaye ikaingia Routledge, ambayo ipo mpaka leo.

Tuje kwenye kitabu. Kabla hujaongea bei na mtu yeyote, hakikisha ni chapa ya 1882 kweli. Kamusi hii ilitolewa tena Marekani miaka ya 1960 kwa kupiga picha kurasa za zamani, hivyo ukurasa wa jina wa nakala hizo nao unaweza kuonyesha 1882 na Ludgate Hill. Fungua nyuma ya ukurasa wa jina na karatasi za mwanzo: ukikuta jina la kampuni ya Marekani au mwaka wa karne ya 20, ni marudio. Tazama pia chapa kwa kioo cha kukuzia. Kwenye marudio ya picha herufi nyembamba hukatikakatika au hujaa wino. Karatasi zako kugeuka rangi na kukatika ni dalili nzuri ya uzee, ila si uthibitisho, maana karatasi mbaya ya 1965 iliyokaa Tanga nayo huwa hivyo.

Kisha hesabu kurasa kama zimetimia, tazama kama jalada ni la mwanzo, na usome kila kilichoandikwa kwa mkono. Jina la babu, jina la mwalimu aliyekuwa nacho kabla yake, maelezo ya pembeni: hayo usiyafute hata kidogo. Ukikuta muhuri wa shule, misheni au maktaba, simama kwanza. Huenda kitabu kiliazimwa na hakikurudi, na kukiuza bila kuuliza kunaweza kukutia matatani.

Kuhusu "mamilioni", sitakupa bei kwa kitabu nisichokiona, na kijana naye asikupe. Umri peke yake haupandishi bei. Kinachoipandisha ni kutimia kwa kurasa, hali ya jalada, na wanunuzi wangapi wanakitaka mwaka huo. Pembe zinazovunjika zinaishusha. Usimkabidhi mtu kitabu bila maandishi. Kama anakitaka kweli, mwache anunue palepale, au mwandikiane mbele ya shahidi bei ya chini kabisa, kamisheni yake na siku ya kukirudisha kisipouzika. Na ikiwa mnunuzi yuko nje ya nchi, ulizia kwanza Idara ya Mambo ya Kale kama unahitaji kibali.

Kwa nini pembe zinakatika? Karatasi nyingi za viwandani za miaka ile zilitiwa shabu na utomvu ili wino usisambae. Kadiri miaka inavyopita, shabu hiyo hutoa tindikali, na tindikali huikata karatasi kutoka ndani. Joto na unyevu huharakisha, na Tanga ina vyote viwili. Huwezi kuirudisha karatasi ujana wake, ila unaweza kupunguza mwendo wa uharibifu. Kitoe kwenye sanduku la chuma au la mbao lenye harufu ya uvundo. Kifunge kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila sabuni yenye manukato. Kipande cha marikani kinafaa sana. Kilaze chali kwenye boksi safi la karatasi ngumu, juu ya kabati la chumba chenye hewa, mbali na ukuta wa nje na mbali na jikoni. Kagua kila wiki kama kuna mchwa au mende. Usikianike juani. Usibandike selotepu, maana gundi yake hugeuka kahawia na kung'oa herufi. Usizifunike kurasa kwa plastiki ya moto kama kitambulisho. Hakuna atakayeweza kuzitoa tena.

Na usikifungue kila unapotaka kutafuta neno. Haki za kunakili zimekwisha siku nyingi, na nakala iliyopigwa picha ipo bure kwenye tovuti ya Internet Archive. Soma hiyo, cha babu kipumzike.

Ziko hali ambazo maelezo ya kuandika hayatoshi na unapaswa kumpelekea mtu akione kwa macho: ukiona ukungu wa kijivu au kijani unaoenea, kurasa zikianza kuachana na mshono, au ukikuta mashimo mabichi ya wadudu yenye unga. Ukungu una madhara kwa kifua, kwa hiyo kiweke kwenye boksi peke yake, watoto wasikiguse. Zanzibar kuna Nyaraka za Taifa pale Kilimani, wenye uzoefu wa maandishi ya kale ya pwani, na kwa upande wako ndiyo safari ninayoipendekeza kwanza. Dar es Salaam kuna Maktaba Kuu ya Taifa, na kwa masuala ya lugha iliyomo kuna Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ndugu wakiwa Mombasa, wanaweza kuuliza Fort Jesus. Piga simu kwanza, na tuma picha za ukurasa wa jina, za nyuma yake na za uharibifu.

Ukiniuliza ningefanya nini, nisingeuza. Ningekaa na familia na kuchagua kati ya kukitunza nyumbani na kukiweka kwenye maktaba ya umma kwa maandishi yanayotaja jina la babu kama mtoaji. Kama nyumba ni kavu na yupo mmoja wenu anayekipenda kwa dhati, kaeni nacho. Kama kitaishia tena chini ya kitanda, kipelekeni. Kabla ya lolote, muite mjomba, mkae na wazee mlio nao hai, muwasomee ukurasa mmoja mmoja wa ile nakala ya mtandaoni, na mwandike pembeni ya daftari maneno wanayoyatambua na maana wanazozijua wao. Daftari hilo nalo litieni tarehe na majina ya waliozungumza, kisha liwekeni kwenye boksi moja na kitabu.